Iacheni Phoenix ya Baba Ipande Mlima

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo nimekuja na ugomvi.

Nimekuwa nikisoma hadithi zetu, zenu na zangu pia, huku nikihesabu baiskeli. Kila baiskeli inapotajwa, ujue umaskini umeingia mlangoni. Mzee anasukuma baiskeli, machozi. Kijana anasukuma mikungu ya ndizi, jua la utosi, jasho, machozi tena. Halafu ukurasa wa mwisho kijana huyo huyo anapata pikipiki, au anapanda basi kwenda Dar, na msomaji anatakiwa amshukuru Mungu. Hata mimi nimewahi kuandika hivyo. Najuta.

Mimi ni mtu wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, ile iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Anayetoka huko hahitaji kuambiwa baiskeli ni nini. Kwetu Phoenix ndiyo iliyobeba kahawa kwenda chama cha msingi, ndizi kwenda gulioni, rubisi kwenda harusini na mgonjwa kwenda zahanati. Kama huo ni umaskini, basi ndio ulionilipia ada.

Ila kuna jambo ninyi watu wa lami hamlijui. Yule kijana wa kwenye hadithi zenu hasukumi kwa sababu ni maskini. Anasukuma kwa sababu ya mlima.

Hebu tufanye hesabu, hata kama tulikimbilia fasihi ili kuikwepa. Kijana ana kilo 60, baiskeli 20, mikungu ya ndizi 70. Jumla kilo 150. Mbele yake kuna kilima kinachopanda mita 8 katika kila mita 100, na vilima vya namna hiyo kwetu havina hata majina. Kukipanda kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa kunadai wati 300 hivi. Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga kwa muda mrefu, anatoa kama wati 100, basi. Zinapungua 200. Hapo ndipo anaposhuka na kuanza kusukuma. Mateso yote mnayoyaandikia kurasa nane yamo ndani ya wati 200.

Na wati 200 siku hizi zinauzwa, jamani! Unanunua gurudumu ambalo mota yake imefichwa katikati, pale spoki zinapoanzia. Unapata na betri, kontrola ya kuongoza umeme, chaja, na mkono wa kuvuta kama wa pikipiki. Unavifunga kwenye baiskeli ile ile uliyonayo. Hakuna mafuta, hakuna plagi, hakuna kupiga kiki.

Sasa nieleze kwa nini nina hasira.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, akakaa kijiweni Omurushaka mwaka mzima. Nikampigia simu. Nikamwambia, mdogo wangu, nitakutumia kifaa tuifunge Phoenix ya baba, ubebe ndizi na kahawa za watu kwa malipo. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Kaka, waitu, baiskeli? Watanionaje?"

Akachukua pikipiki ya mkataba. Wasioujua mkataba ni hivi: tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha na kumpelekea hesabu kila siku, na mwisho wa muda pikipiki inakuwa ya kijana. Ya mdogo wangu dukani ilikuwa milioni 2 na laki 6. Hesabu ilikuwa shilingi 8,000 kwa siku, Jumapili ikiwemo, kwa miezi 15. Piga mwenyewe: milioni 3 na laki 6. Mafuta juu yake, matairi juu yake, na trafiki juu yake pia.

Alilipa miezi 11. Mwezi wa 12 malaria ikamlaza siku kumi na mbili. Tajiri akaja na funguo ya akiba, akaondoka na pikipiki yake. Kufikia siku hiyo mdogo wangu alikuwa ameshalipa milioni 2 na laki 6 na elfu 40. Yaani bei ya dukani imeisha na chenji imebaki, naye karudi nyumbani kwa miguu.

Watu wa Kagera tuna neno kwa jambo la namna hii. Tunaita butura. Mkulima ana shida, ada au msiba, na kahawa bado iko mtini. Anakuja mwenye pesa, anainunua ikiwa ua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mkulima anavuna kahawa ambayo si yake. Serikali imeipiga vita butura miaka nenda rudi, na viongozi wameikemea majukwaani. Mkataba wa pikipiki ni butura ya jasho: kijana anauza nguvu zake kabla hazijaiva. Huu mbona hatuukemei? Tunautungia hadithi zenye mwisho mwema!

Nilipokwenda likizo nilibeba kile kifaa kwenye begi. Nilichagua mota ya wati 350 yenye gia ndani, kwa sababu mota isiyo na gia ikipanda mlima polepole na mzigo inapata joto na kuungua. Kifaa pamoja na usafiri na ushuru vilinigharimu laki 4 na nusu, na betri laki 5. Si pesa kidogo. Lakini ni chini ya hesabu ya miezi minne ya yule tajiri.

Nikampelekea fundi wetu wa baiskeli, mzee ambaye karakana yake ni mti na sanduku la spana. Nilidhani nitamfundisha. Akaizungusha mota mkononi, akahesabu matundu ya spoki, akaniuliza, "Mwanangu, hii ina matundu 36. Baiskeli yenu ya kizamani mbele ina 32, nyuma 40. Umefikiria hilo?" Sikuwa nimelifikiria. Akatafuta rimu ya matundu 36, akakata spoki kwa urefu wake, akaisuka na kuinyoosha kwa jicho tu. Saa tatu kazi imekwisha. Alichohitaji kuelezwa ni rangi za waya, na hizo nilimwonyesha kwa dakika kumi.

Nilikosea na mimi. Kwa haraka zangu niligoma kungoja kipande cha chuma cha kushikilia ekseli isijizungushe. Fundi alinionya. Mlima wa kwanza, nikavuta moto mpaka mwisho, ekseli ikajipindua ndani ya foku na kukata waya zake yenyewe. Nikarudi nikisukuma, watoto wakinisindikiza kwa nyimbo. Siku ya pili mzee akachonga kile kipande kutoka kwenye chuma cha springi kuukuu, akakibana kwenye foku kwa bolti. Hakikutikisika tena. Akabadilisha na breki, maana kilo 150 zikiteremka, zile breki za fimbo na raba iliyokwisha ni kaburi.

Sasa nije kwa wabishi, nawajua.

Wa kwanza atasema umeme ni ghali. Betri yangu ni ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Kuijaza haifiki nusu ya yuniti moja ya LUKU, na gharama yake haifiki shilingi 200. Kwa hiyo 200, nikikanyaga na mimi kidogo, ilinipeleka kilomita 25 hivi za milima. Lita moja ya petroli inakula maelfu ya shilingi, na kwetu inapanda zaidi kwa sababu imesafirishwa nchi nzima kutoka bandarini. Ilhali pale Murongo, mpakani na Uganda, mto Kagera unazungusha mitambo ya megawati 14, nchi mbili zikigawana umeme wake. Nguvu inapita mlangoni kwetu, sisi tunangoja meli.

Wa pili atasema umeme unakatika. Kweli unakatika. Ndiyo faida ya betri: unaijaza ukiwepo, unaitumia ukiwa umekatika.

Wa tatu atasema betri inakufa. Huyu namheshimu. Betri ya lithiamu ikitunzwa inakaa miaka mitatu, minne, kisha unanunua nyingine. Anayeendesha aweke shilingi 500 kila siku tangu siku ya kwanza, na hiyo bado ni ndogo kuliko hesabu ya mkataba. Asiifungue, asiijaze kwa chaja isiyo yake, asiijaze chini ya kitanda, maana ikiwaka haizimiki kirahisi. Asiye na laki 5 anaweza kuanza na betri tatu za maji za volti 12 zilizofungwa mfululizo, zile fundi sola anazozijua. Nzito, hazidumu sana, lakini zinapanda.

Wa nne atasema haiwezi kubeba abiria wawili mpaka Kayanga kwa nusu saa. Haiwezi. Sikusema iwe pikipiki. Nazungumzia mzigo wa ndizi kufika gulioni kabla bei haijashuka, na mgonjwa kufika zahanati bila kumtafuta mwenye pikipiki usiku wa manane.

Na wa tano, ndiye ninayemtaka hasa, atasema ni ushamba. Bwana mkubwa, hilo neno bodaboda unalojivunia lilizaliwa juu ya keria ya baiskeli! Miaka ya 1960, kule Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, vijana waliweka mto kwenye keria wakawa wanavusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Pikipiki ilikuja baadaye ikarithi jina. Kule Goma, Kongo, vijana walichonga chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba viazi na makaa kwa magunia, na mji ukakijengea sanamu. Hapo jirani, Jinja nchini Uganda, baiskeli za umeme zinaundwa na kuuzwa. Rwanda mwaka 2021 iliondoa ushuru kwenye vyombo vya umeme. Sisi tuko katikati ya hao wote, tunaona haya.

Ninachodai ni kidogo. Vifaa hivi viingie kwa ushuru mwepesi, kimoja kimoja, ili hata fundi wa chini ya mti aagize. VETA imfundishe fundi huyo kontrola na betri, maana rimu anaijua kuliko mwalimu. Wafadhili na makampuni wakija na baiskeli zao mpya zilizofungwa kila nati, tuwaulize kwanza: ikiharibika Kaisho, nani ataifungua? Chombo ambacho fundi wa Kaisho haruhusiwi kukifungua kitatuletea mkataba mwingine, kwa lugha tamu zaidi.

Na ninyi mnaoshika kalamu, dai langu kwenu ni gumu kuliko yote. Mdogo wangu aliijua hesabu. Nilimpigia ile ya wati na ile ya shilingi, akazielewa. Kilichomshinda ni kuonekana, na picha hiyo ya kuonekana sisi ndio tunaoichora. Tuliandika baiskeli ikawa aibu, pikipiki ikawa ukombozi, naye akatuamini, akalipa milioni 2 na laki 6 na elfu 40.

Siku hizi anaendesha ile Phoenix. Anabeba ndizi za majirani kwenda gulioni, na jioni anachomeka chaja ukutani karibu na redio ya baba. Nimemwambia nitaiandika habari yake. Akasema niandike, ila nisimfanye asukume.

Anayebisha na ajibu kwa maandishi. Ukurasa upo.