Umeme wa Mawimbi: Tusiahidi Tusichokipima



Najua wengine mtanikasirikia. Sawa tu. Bora mnikasirikie mimi leo kuliko wananchi watukasirikie sote baada ya uchaguzi.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kikao cha tawi letu la chuo. Ajenda ilikuwa mapendekezo ya vijana kwa ajili ya ilani. Mwenzetu mmoja akasimama, msemaji mzuri kwelikweli, akasema: tumezungukwa na bahari, mawimbi hayalali na hayalipiwi, basi tuandike kwamba serikali yetu itazalisha umeme wa mawimbi na Zanzibar itaachana na kebo ya Bara ndani ya miaka mitano. Ukumbi ukalipuka. Na mimi nilipiga makofi, tena mpaka viganja vikawasha.

Usiku nikampigia mama simu. Mama yangu analima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, tangu mimi sijazaliwa. Nikamhadithia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo mashine, mwanangu, itawekwa wapi?"

Nilikosa jibu. Makala hii ndiyo jibu langu kwa mama, na kwa wote mliopiga makofi pamoja nami.

Hamu yetu ni ya haki

Kwanza tuelewane. Anayetaka Zanzibar iwe na umeme wake hajakosea hata kidogo. Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaingia tena, safari hii mpaka Machi 2010. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka chemli. Nakumbuka foleni ya ndoo kisimani, maana pampu za maji nazo zinataka umeme. Nakumbuka majenereta ya wenye nacho yakinguruma usiku kucha na sisi wengine tukiyasikiliza.

Kisiwa kizima kilikuwa kimening'inia kwenye kebo moja ya mwaka 1980. Leo tuna kebo kubwa zaidi, ya megawati 100, iliyokamilika 2013 kwa fedha za Wamarekani, na Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Mambo yamekuwa afadhali, lakini swichi bado iko ng'ambo. Kila anayenunua tukuza anajua hilo.

Kwa hiyo siandiki kuikejeli ndoto. Naandika kwa sababu ndoto na ahadi ya ilani ni vitu viwili tofauti. Ukiota, hakuna anayekudai. Ukiahidi, umekopa imani ya mtu, na siku moja atakuja kuidai.

Wenzetu wamehangaika miaka hamsini

Hebu tuangalie walioanza zamani. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, mhandisi Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alibuni chombo kinachoyumba juu ya wimbi, kikajulikana kama "bata wa Salter". Majaribio kwenye hodhi la maji yalileta matumaini makubwa. Serikali ya Uingereza ikaweka fedha. Ilipofika 1982 ikazikata, na Salter hakukubaliana kamwe na hesabu za gharama zilizotumika kuufunga mradi wake.

Wakaja Pelamis, Waskoti pia. Hawa walijenga nyoka wa chuma mwenye urefu wa karibu mita 120, anayeelea na kujikunja kwenye viungo vyake kila wimbi linapopita. Mwaka 2004 nyoka huyo aliingiza umeme kwenye gridi ya taifa kule Orkney. Dunia ikashangilia. Septemba 2008 nyoka watatu, kila mmoja kilowati 750, wakazinduliwa Aguçadoura, Ureno. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake kuitwa wa kibiashara.

Mnajua ulidumu muda gani? Miezi miwili. Novemba mwaka uleule nyoka walivutwa kurudi bandarini. Viungo vilikuwa na hitilafu, na mwekezaji mkubwa wa mradi alikuwa anaanguka kwenye msukosuko wa fedha wa dunia. Pelamis wenyewe walifilisika Novemba 2014. Mwaka uliofuata wakafuata Aquamarine, waliokuwa na mlango mkubwa wa chuma uliofungwa chini ya bahari na kusukuma maji hadi nchi kavu. Kule Australia, mwaka 2010, mtambo wa Oceanlinx ulikata nanga zake Port Kembla ukaenda kugonga ukuta wa bandari.

Hao siyo wababaishaji. Ni watu wenye vyuo, viwanda vya meli, benki, na uzoefu wa visima vya mafuta baharini. Bahari iliwashinda, na pesa ikawaishia.

Kwa nini? Kila mvuvi anaijua nusu ya sababu. Mashine inakula mawimbi ya kila siku, lakini lazima ijengwe kuvumilia wimbi la dhoruba linalokuja mara moja kwa miaka. Chuma chote hicho cha ziada unakilipia, na hakikuzalishii hata uniti moja. Chumvi inakula chuma. Chaza na magugu yanaota juu yake. Kikiharibika kitu kidogo tu, unahitaji meli, wapiga mbizi na siku tulivu, na siku tulivu huagizi dukani.

Nusu ya pili ni ya kiwandani. Kwenye upepo dunia ilishakubaliana: mlingoti mmoja, mapanga matatu. Viwanda vikatengeneza kitu kilekile mara maelfu, bei ikashuka. Kwenye mawimbi kila kampuni ina umbo lake. Huyu ana nyoka, yule bata, yule boya, yule mlango. Hakuna aliyetengeneza chombo kimoja mara elfu moja, basi hakuna aliyejifunza kukitengeneza kwa bei nafuu.

Na sisemi kazi imekwisha. Mutriku, kwenye nchi ya Wabaski huko Uhispania, mtambo mdogo wa kilowati 296 umejengwa ndani ya ukuta wa bandari na umekuwa ukitoa umeme tangu 2011. Kampuni ya Uswidi, CorPower, iliweka boya lake palepale Aguçadoura mwaka 2023 na likahimili dhoruba kali za Atlantiki. Wanasogea. Ila kusogea na kufika ni mambo mawili.

Mawimbi yetu nayo tuyaseme

Kuna hesabu moja ambayo haikutajwa kwenye kikao chetu. Nguvu ya wimbi haiendi sawa na kimo chake, inakwenda kwa kipeo cha pili. Wimbi la mita tatu lina nguvu mara tisa ya wimbi la mita moja, hata kabla hujahesabu muda kati ya wimbi na wimbi. Ndiyo maana wenzetu walikwenda Orkney na Ureno, kwenye bahari inayotisha. Sisi tuko karibu na ikweta. Bahari yetu ni ya upole zaidi, na ndiyo maana watalii wanaipenda.

Upande wa magharibi wa Unguja umekingwa na Bara. Upande wa mashariki uko wazi, lakini kuna mwamba. Nani hajaona ule mstari mweupe wa povu kule mbali, na huku ndani maji yametulia? Pale kwenye povu ndipo wimbi linapoacha nguvu zake. Ukitaka kuzipata lazima uende nje ya mwamba, na kina kinashuka haraka.

Halafu kuna misimu. Bahari inachafuka zaidi kusi. Joto kali linakuja kaskazi, pale kila feni na kila kiyoyozi kinapowashwa. Bahari ingetupa umeme mwingi wakati wa ubaridi na kidogo wakati wa joto.

Na ukubwa je? Kufikia megawati 100 za ile kebo ungehitaji nyoka kama wale wa Ureno zaidi ya 130, tena wote wakifanya kazi kwa nguvu ya juu kabisa saa zote, jambo ambalo halitokei. Mwenzetu aliyesema "miaka mitano" hakuifanya hesabu hii. Na mimi niliyepiga makofi sikuifanya.

Sheria: hapa ndipo penye kesi

Sasa niingie kwenye fani yangu. Tuseme kesho mwekezaji anakuja na mashine inayofanya kazi. Nani anampa kibali?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao Tanzania iliuridhia 1985, unasema kwenye kifungu cha 56 kwamba nchi ya pwani ina haki ya kuzalisha nishati kutokana na maji, mikondo na upepo katika ukanda wake wa kiuchumi. Haki tunayo. Lakini ukanda huo unasimamiwa na sheria ya Muungano ya 1989. Umeme wenyewe haumo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, na Zanzibar ina ZURA na ZECO zake. Katiba ya Zanzibar nayo inahesabu bahari ya visiwa hivi kuwa sehemu ya eneo lake. Basi mashine ikikaa nje ya mwamba, ikavuka mpaka wa maili 12, kibali ni cha nani? Mrabaha unakwenda wapi? Sisi tuliopigania mafuta na gesi tunajua ugomvi wa namna hii unavyoweza kula miaka.

Na mama yangu? Yeye hana hati ya lile eneo la bamvu anapofunga kamba zake. Ana vigingi, ana mbegu, ana majirani wanaojua kwamba pale ni pake. Mbele ya mwekezaji mwenye karatasi yenye muhuri, hilo ni neno tu. Kebo ya kutoa umeme nje ya mwamba lazima ipite mahali ifike nchi kavu. Itapita kwenye mwani wa nani? Eneo la usalama kuzunguka mitambo litafungiwa wavuvi wa kijiji gani? Swali la mama lilikuwa la kisheria kuliko yote niliyosikia kikaoni.

Wenye "uchumi wa buluu" nao watujibu

CCM wasifurahie makala hii mapema. Tangu 2020 Zanzibar ina wizara yenye jina la uchumi wa buluu. Nembo zipo, makongamano yapo, mabango yapo. Basi tuonyesheni maboya ya kupimia mawimbi nje ya mwamba wa mashariki. Tuonyesheni takwimu za miaka mitatu mfululizo, zikiwa wazi kwa mwanafunzi yeyote kuzisoma. Huwezi kuuza utajiri wa bahari ambayo hujaipima.

Na tusisahau nchi hii ilivyoumizwa na mikataba ya umeme. Mkataba wa IPTL wa 1995 ulitufunga kulipia uwezo wa mtambo, uwe umeutumia au hukuutumia. Richmond ilimwondoa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008. Kote kule teknolojia ilikuwa ya kawaida, majenereta na mitambo iliyozoeleka duniani, na bado tulipigwa. Sasa fikiria mkataba wa siri juu ya mashine ambayo hata waliyoibuni hawajui itadumu kusi ngapi. Mwekezaji atataka nini? Atataka dhamana ya serikali. Mashine ikizama, deni litaelea.

Napendekeza tuandike hivi

Ilani isiseme "tutazalisha umeme wa mawimbi". Iseme mambo manne tunayoweza kuyatimiza na kuulizwa.

Moja, tutapima. Maboya, miaka mitatu, kwa kushirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo hapahapa Zanzibar, na takwimu ziwe mali ya umma.

Mbili, tutatunga sheria kabla ya mkataba. Itamke nani anatoa kibali na mapato yanagawanywaje, na itambue haki za wakulima wa mwani na wavuvi hata kama hawana hati. Shehia isikie mradi kabla ya gazeti.

Tatu, hakuna dhamana ya serikali kwa teknolojia ambayo haijajithibitisha. Anayetaka kujaribu, karibu, ajaribu kwa fedha zake, kwa udogo, na matokeo yatangazwe. Scotland walijifunza hivyo kwa uchungu: baada ya Pelamis kuanguka, serikali yao iliunda chombo cha kufadhili majaribio hatua kwa hatua, na asiyefikia kiwango haendelei. Mkataba wowote wa umeme uwekwe mezani Baraza la Wawakilishi, wote, na viambatisho vyake.

Nne, giza la leo tulitibu kwa dawa iliyopo leo: jua juu ya mapaa ya skuli, hospitali na hoteli, pamoja na betri. Hiyo haisubiri muujiza.

Najua haya manne hayapigiwi makofi. Hayana mdundo. Ukiyasema jukwaani watu watapiga miayo. Lakini sisi tunawalaumu wenzetu kila siku kwa kuahidi meli, viwanja na ajira wasizoweza kuzihesabu. Tukiwajibu kwa ahadi kubwa zaidi yenye hesabu ndogo zaidi, tutakuwa tumebadilisha rangi ya bendera tu.

Kikao kijacho ni Jumamosi. Nitapeleka pendekezo hili kwa maandishi, na yule mwenzetu msemaji nimeshamwomba aniunge mkono, maana sauti yake ni nzuri kuliko yangu. Mnaopinga njooni na takwimu, nitawasikiliza.

Mama nimemwambia nina jibu nusu. Kasema sawa, nusu ya pili anaingoja, lakini asije akaisikia kwa mara ya kwanza siku meli inapotia nanga mbele ya mwani wake.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria na mjumbe wa tawi la vijana chuoni.*