Darubini ya Leza Hupima Masafa, Haipimi Huruma

Wahenga walinena kwamba mshale kwenda msituni haukupotea. Methali hiyo imewaliwaza wengi waliotoa juhudi yao wasione faida papo hapo. Walakini methali ni ya mshale. Risasi ya bunduki ya kuwindia hutoka mtutuni kwa mwendo wa kiasi cha mita 800 kwa sekunde moja. Ikikosa haiokotwi, na ikimpata mnyama pasipo mahali pake, hapo anayepotea ni mnyama.

Nayasema haya kwa sababu kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye sasa anaishi jimbo la Colorado huko Marekani, ameniletea swali ambalo sikulitarajia. Ataka kununua darubini ya leza ya kupimia masafa, ile waitumiayo wawindaji wa mbali, naye auliza ipi ya kutegemewa. Hakuniuliza mimi kwa kuwa ni mwindaji, la. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na mimi bunduki sina wala siitaki. Aliniuliza kwa kuwa alikaa mbele yangu akijifunza alifu kwa kijiti, na mwanafunzi wa chuoni haachi kumuuliza mwalimu wake hata akiwa na mvi. Nimesoma, nimewauliza wajuao, na jawabu langu nalitoa hadharani, maana ndani yake mna jambo litufaalo hata sisi tusiowinda.

CHOMBO CHENYEWE

Leza ya kwanza iliwashwa 1960 huko Malibu, California, na mtaalamu aitwaye Theodore Maiman. Majeshi ndiyo yaliyotangulia kuitumia kupimia masafa; katika miaka ya 1990 chombo kikawa kidogo cha kutiwa mfukoni na bei ikawafikia wawindaji. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Chombo hutoa mwale wa nuru usioonekana kwa macho, mwale ukampiga mnyama ukarudi, nacho kikahesabu muda uliopita. Nuru huenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Kwa hiyo mnyama aliye mita 300 mwale humwendea na kurudi kwa sehemu mbili tu za milioni moja za sekunde. Ukitaka kukosea kwa mita moja tu, basi yakupasa uhesabu hadi sehemu 7 za bilioni moja za sekunde. Subhanallah! Binadamu aliyekuwa akipima kwa shibiri, dhiraa na pima, leo ampima kulungu kwa mwendo wa nuru.

Wako watakaosema kwamba mwindaji wa kweli hatumii vitu hivi, akadirie kwa jicho kama wazee. Mimi siafikiani nao. Risasi haiendi mstari ulionyooka, huanguka njiani kama jiwe lililotupwa. Bunduki ya kawaida iliyorekebishwa ipige sawa yadi 200, risasi yake ikifika yadi 500 huwa imeshuka kiasi cha mita moja. Mwenye kukadiria kwa jicho akidhani ni 450 ilhali ni 500, risasi itapita chini kwa zaidi ya shibiri moja. Na mahali pa kulungu penye moyo na mapafu, ambapo akipigwa hufa upesi, ni kama shibiri moja kwa upana wake. Basi kosa dogo la jicho ndilo tofauti ya mnyama aliyekufa na mnyama aliyevunjwa guu au taya. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini akauguzwa. Kulungu akivunjwa guu ana zizi gani la kurejea?

Kwa hiyo kipimo ni jambo jema. Kubahatisha mahali pa roho ya kiumbe si ushujaa wala si mila.

SIFA ZA KUTEGEMEWA

Majina sokoni ni mengi: Leica na Zeiss za Ujerumani, Swarovski ya Austria, Nikon ya Japani, Bushnell, Leupold na Vortex za Marekani. Sitamchagulia mtu jina. Nitamwambia la kutazama, kama vile anunuaye jahazi atazamavyo mkuku na mishono kabla ya kusifu rangi.

La kwanza, asidanganywe na idadi iliyoandikwa kwenye sanduku. Pakiandikwa yadi 2,000, hizo ni za kitu king'aacho, kama kibao cha barabarani kirudishacho nuru. Ngozi na manyoya ya mnyama hunyonya sehemu ya nuru, na mara nyingi masafa halisi kwa kulungu ni nusu ya hayo au chini yake. Muuzaji mwaminifu huonyesha idadi tatu: ya kitu king'aacho, ya mti, na ya mnyama. Mnunuzi na ashike hiyo ya tatu.

La pili, upana wa mwale. Mwale hauendi kama uzi, hutanuka kadiri uendavyo. Ukitanuka yadi moja kwa kila yadi 1,000, basi kwa yadi 500 umekuwa nusu yadi, na unaweza kugusa unyasi ulio mbele ya mnyama au jabali lililo nyuma yake, chombo kikasoma hilo na wewe ukaamini umempima kulungu. Mwale mwembamba ni bora. Bora pia chombo kimwezeshacho mtu kuchagua kisome kitu cha mbele au cha nyuma, maana aliye vichakani na aliye uwandani hawana haja moja.

La tatu, mteremko. Aliye juu ya mlima akimlenga mnyama aliye bondeni kwa digrii 30, chombo kikisoma yadi 400, risasi itashuka kama iliyopigwa yadi 346 tu za usawa. Milima ya Colorado si ufuo wa Nyali. Chombo kisichohesabu mteremko kitampotosha huko, hata kama kimesoma masafa kwa usahihi.

La nne, kioo na mkono. Kioo kiwe safi hata magharibi ikikaribia, kwani huo ndio wakati wanyama hutoka. Wala asipende kukuza mno, maana kadiri kioo kikuzavyo ndivyo mtetemeko wa mkono ukuavyo. Kwa masafa marefu yafaa kukiegemeza chombo juu ya mwamba, au juu ya stendi ya miguu mitatu. Ukungu, mvua na theluji huutawanya mwale, na baridi huidhoofisha betri. Betri ya akiba na ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

La tano ni vipimo vyenyewe. Vyombo vingi husoma yadi na mita, kwa kubonyeza tu. Yadi 500 ni mita 457, na mita 500 ni yadi 547. Aliyeandika jedwali la bunduki yake kwa yadi, kisha akasoma mita bila kujua, amekosea kabla hajalenga.

Na la mwisho, akijaribu chombo asikijaribu ukutani mwa duka. Akipeleke nje, apime mti mkavu, kichuguu, ngozi iliyotundikwa, mahali ambapo masafa yake amekwisha kuyapima kwa kamba au kwa hatua. Apime asubuhi, adhuhuri na jioni. Apime mara tatu kila mahali. Chombo cha kutegemewa ni kile kitoacho jawabu moja mara zote tatu. Na kikishindwa hukiri kwa kutosoma kitu, hakibuni idadi. Mashahidi wa namna hiyo hata mahakamani ni haba.

KISICHOPIMWA

Hadi hapo nimemjibu swali lake. Sasa nataka kumjibu lile asilouliza. Katika barua yake amesema ataka chombo cha kumwezesha kupiga yadi 800. Hapo ndipo tunapoachana njia.

Chombo hupima masafa tu. Hakipimi upepo ulio kati ya mwindaji na mnyama. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao sisi wa pwani tungeuita wa kupepea nguo kambani, huisukuma risasi ya kawaida kiasi cha shibiri mbili kwa yadi 500, na masafa yakizidi huzidi zaidi ya mara mbili. Nao upepo wa mlimani hauwi mmoja. Hapa wavuma, bondeni umelala, ng'ambo wageuka. Vipo vyombo viwezavyo kupima upepo pale aliposimama mpigaji, lakini hapo siyo njia nzima ya risasi.

Hakipimi pia atakalofanya mnyama. Kwa yadi 500 risasi huchukua zaidi ya nusu sekunde, na kwa yadi 1,000 huchukua zaidi ya sekunde moja. Kulungu alaye majani hakuandikiana mkataba na mtu kwamba hatapiga hatua katika muda huo. Risasi iliyolengwa moyo ikamkuta amesogea, huingia tumboni. Hakuna kiwanda kitakachouza dawa ya jambo hili, kwa sababu kosa si la chombo.

Wala haya si maneno ya mzee wa pwani tu asiyejua uwindaji. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909 akapanda treni kwenda bara, na msafara wake ukapeleka kwenye makumbusho ya Smithsonian viumbe zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo. Mtu huyo hapana awezaye kumwita mwoga wa damu. Hata hivyo chama cha wawindaji alichokiasisi na wenziwe 1887, Boone and Crockett Club, kimetamka wazi kwamba kupiga mnyama kutoka mbali mno ni kumdhulumu, kwa kuwa humnyima pua, masikio na macho aliyopewa ajihadhari nayo. Nao hawakuweka idadi ya yadi. Wamesema la kutazamwa ni kusudio la mpigaji: je, amekwenda kuwinda, ama amekwenda kujaribu silaha yake juu ya kiumbe hai? Msomaji Mwislamu ataona kwamba hilo ni suala la nia, nasi tumelisoma tangu utotoni.

Huku kwetu, Waata wa nyika ya Galana na Tsavo walisifika kwa upinde mzito na mshale wa sumu, wakamwangusha hata ndovu. Sifa yao haikuwa kupiga kutoka mbali. Ilikuwa kunyatia hadi karibu, wakijua upepo, wakijua nyayo, wakihatarisha roho zao kwa roho ya mnyama.

MIKONO NA MIKUKI

Katika Suratul Maida imetajwa kwamba waumini watajaribiwa kwa windo ambalo mikono yao na mikuki yao yalifikia. Aya ile ilihusu walio katika ihramu, lakini mwenye kuizingatia ataona kwamba mtihani wa mtu huwa katika lile aliwezalo. Zamani mkono ulifika pima chache. Leo mkono umerefushwa hata yadi 800, na mtihani umerefuka nao.

Kijana wangu hawindi kwa mchezo tu, ataka nyama aile na watoto wake. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameijuzu nyama ya windo la risasi kwa masharti: litajwe jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kupiga, risasi ipenye, na mnyama akidirikiwa angali hai achinjwe. Haya, na anieleze. Akimwangusha kulungu ng'ambo ya bonde, yadi 800, atateremka, atapanda, atakwenda nusu saa au zaidi. Mnyama aliyejeruhiwa atamdiriki vipi kwa kisu? Na akimkuta ametumbukia mtoni amekufa, atajuaje kilichomuua ni risasi au ni maji? Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza Adi bin Hatim kula windo la namna hiyo, na pia alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Amri ya kunoa kisu ili mnyama asiteseke haikuishia machinjioni.

Basi ushauri wangu ni huu. Anunue chombo kizuri kwa kadiri ya uwezo wake, asifanye ubahili. Kisha akate bati lenye upana wa shibiri moja, alitundike, alipige akiwa ameketi au amelala chini kama atakavyokuwa mlimani, siyo juu ya meza ya uwanja wa shabaha. Masafa ambayo risasi zake zote humo hazitoki nje ya bati, hayo ndiyo masafa yake. Yakiwa yadi 250, ni 250. Darubini ikisoma 251 na zaidi, imemwambia asipige, na hapo ndipo imefanya kazi yake kubwa kuliko zote. Nami nimemtungia ubeti aubandike kwenye mkoba wa chombo hicho:

Kipimo kipe heshima, si hukumu ya moyoni,
Kazi yake ni kupima, haijui ya rohoni,
Kiumbe asiyesema, roho yake ya Manani,
Kama mbali si lazima, jongea uwe jirani.

Akishindwa kujongea, arudi nyumbani mikono mitupu. Nyama ya dukani ipo, na kulungu yule ataonekana tena msimu ujao, mzima wa miguu minne.