Mwenye lori bovu si tajiri



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya sinema ya zamani ya Kimarekani iitwayo The Grapes of Wrath, ambayo imezua ubishi mkubwa kwetu hapa Kariakoo, na ubishi wenyewe mpaka leo haujaisha.

Sinema hiyo ilitengenezwa na John Ford mwaka 1940 kutokana na kitabu cha John Steinbeck kilichotoka 1939. Inaeleza habari za wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa mashambani wakati wa ukame na ule msukosuko mkuu wa uchumi ulioanza 1929, ambao hata huku Tanganyika uliangusha bei ya mkonge. Ukoo wa Joad unapakia watu na vyombo katika gari kuukuu lililogeuzwa lori, unakwenda California, kwa kuwa karatasi za matangazo zimesema huko kazi ya kuchuma matunda ni tele. Tuliitazama uani, majirani kama ishirini, mwalimu mmoja mstaafu akitutafsiria kama wafanyavyo wale wa mabanda ya video, ila yeye hakutia chumvi.

Lilipotokea tu lori, kijana mmoja auzaye mitumba Mtaa wa Kongo akapaza sauti: "Masikini gani huyu ana lori? Mimi hata mkokoteni nakodi!" Watu wakacheka, na wengi wakamuunga mkono. Tangu siku hiyo "masikini wa Kimarekani" limekuwa neno la mzaha kijiweni.

Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kitabuni jamaa hawa wameuza kila kitu kinachohamishika kwa dola 18 tu. Lori lile si mali, ni nauli. Babu yao anafia njiani, nao wanamzika wenyewe kando ya barabara kwa kukosa fedha za mazishi. Tajiri gani huyo? Na huyu kijana wetu, ambaye ni rafiki yangu na hatakasirika nikisema, baba yake aliuza ng'ombe wawili ili yeye apate nauli na mtaji wa kuanzia. Kwao Singida anahesabiwa tajiri kwa sababu yuko Dar es Salaam na ana simu.

Hakuna aliyecheka lilipokuja trekta la kubomoa nyumba. Mkulima, Muley, ana bunduki mkononi lakini hajui ampige nani: kampuni inaagizwa na benki, na benki nayo ina wakubwa wake mbali. Dereva wa trekta ni mtoto wa jirani, ana familia, analipwa dola 3 kwa siku. Hapo mama ntilie mmoja akasema polepole, "Hata wale mgambo ni watoto wetu." Hakuna aliyemwuliza ana maana gani. Vibanda vilivyoondolewa mitaani Oktoba 2021 tunavikumbuka, na cha kwake kilikuwa cha mkopo.

Ninalo jambo moja la kuwalaumu waliotengeneza sinema. Ile kambi ya serikali, yenye maji ya bomba, vyoo safi na ngoma ya Jumamosi, wameisogeza karibu na mwisho. Kitabuni inakuja kabla; halafu kazi inakosekana, ukoo unatoka tena, na habari inaishia kwenye mafuriko na njaa. Vijana wetu waliondoka uani wakiamini kambi ilimaliza shida zote. Jirani yangu anasema afadhali hivyo, mtu akalale na matumaini. Mimi nasema aliyekwisha kulala na njaa anastahili kuelezwa habari yote.

Nawaomba wahusika wa televisheni ya Taifa waitafute sinema hii na kuionyesha kwa sauti ya Kiswahili, na wachapishaji wetu wakitoe kitabu kwa bei ambayo muuza mitumba ataimudu. Kwa sasa mwalimu wetu ameahidi kutusimulia sura za mwisho Jumapili ijayo, hapo hapo uani. Kijana wa Mtaa wa Kongo amesema atakuja, ila suala la lori bado analishikilia.

Mpenzi wa Sinema,
Kariakoo, Dar es Salaam.