Kofia moja, vichwa viwili

Ukimya wangu mtanisamehe, majaribio yalitubana kweli kweli. Leo nina hoja moja tu na naitupa kwa wenye pikipiki. Siyo madereva, wenye pikipiki.

Juzi nilikuwa nasoma habari za Wamarekani na zile pikipiki zao za porini zenye magurudumu manne. Zamani walikuwa nazo za magurudumu matatu, zikawa zinapinduka na kuua watu, watoto wakiwemo. Mwaka 1988 watengenezaji wakabanwa kwa makubaliano ya mahakamani, wakaacha kuuza mpya za matatu. Yaani hawakuishia kumwambia mwendeshaji awe makini, walimfuata mwenye mali. Akili ikanirudi nyumbani Nachingwea na Ruangwa.

Kwetu chombo cha porini ni bodaboda. Ndiyo inapeleka salfa shambani, mjamzito zahanati na mwanafunzi shule. Hela za korosho zikishaingia, pikipiki mpya nazo zinaongezeka. Ila kijana unayemwona juu yake mara nyingi siyo yake. Ana mkataba, na kila jioni anatakiwa apeleke hesabu kwa tajiri. Jua likizama hesabu haijatimia atafanyaje? Atapakia mishikaki, atakimbiza kwenye changarawe, na giza likiingia ataendelea na kataa kake kasikoona mbele. Sisi tunamwita mhuni. Aliyempangia hesabu hatumwiti kitu, tena tunamwamkia shikamoo.

Sasa njooni kwenye kofia ngumu. Kanuni za mwaka 2010 zilitaka abiria mmoja, na wote wawili wavae. Huku kwetu kofia iko moja, tena imening'inia kwenye kioo, inavaliwa trafiki akionekana. Ukiulizia ya abiria unajibiwa, "Dada, si tunafika hapo tu?" Watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti nyingi mwaka 2008 wakakuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Na kichwa kikipasuka Ruangwa jamani, siyo mchezo. Mpaka ushuke Nanganga, ndipo uelekee Ndanda au Nyangao, na kama ni upasuaji wa ubongo unaweza kujikuta unapelekwa MOI pale Muhimbili, mamia ya kilomita.

Niliyemaliza naye kidato cha nne tumemzika. Alikuwa abiria, anatoka mnadani. Dereva alikuwa na kofia, akapona. Baada ya wiki mbili pikipiki ile ile ilikuwa kijiweni inasubiri wateja, na kofia yake moja.

Najua dada zangu mtasema kofia ya kijiweni inanuka jasho na inaharibu nywele. Inanuka kweli, sibishi. Funga kitambaa kichwani kwanza, ndiyo uvae.

Lakini tajiri ndiye aanze. Kwenye mkataba iandikwe kofia mbili, na bila ya pili pikipiki isitoke. Asamehe hesabu ya siku chache ainunue, hatafilisika. Halafu aache kudai hesabu ile ile masika kama kiangazi, maana udongo wetu mwekundu ukilowa ni kama sabuni. Na bima ndogo anayokata asidhani inamtibu dereva wake, haimtibu. Kijana akivunjika mguu ni ndugu ndio wanaouza mbuzi, wakati tajiri anatafuta dereva mwingine.

Mazoezi ya kufundisha nimeomba Ruangwa. Mimi kofia nitanunua yangu, nimeshaanza kubana hela ya boom. Ila wale wa kidato cha kwanza wanaoletwa watatu watatu kwenye pikipiki moja, sketi zimepepea, wao kofia watanunuliwa na nani?