Mtungi Upandishwe Sebuleni

Wako wasomi wasemao kwamba mtungi ni chombo cha jikoni, na kwamba auwekaye sebuleni kuwa pambo hana tofauti na atundikaye mwiko ukutani. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, tena kwa watu ambao meza zao zimepambwa kwa vyombo vya maua vilivyotoka kiwandani, elfu kwa sura moja. Nayapinga.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba chombo kisichotiwa maji wala chakula ni upuuzi. Na tutazame nyumba za Lamu za karne ya 18. Kuta zake zilipambwa kwa zidaka za chokaa, na humo zikapangwa sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka Uchina. Hazikuwekwa humo zipakuliwe wali. Ziliwekwa zitazamwe, na ziliheshimiwa. Basi kosa la mtungi wetu si kukosa kazi, bali kuzaliwa karibu. Wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hoja ya pili ni kwamba mfinyanzi wa kijijini hufuata mazoea tu, hana fikira za msanii. Jibu lake ni Ladi Kwali wa Nigeria. Alifundishwa ufinyanzi na shangazi yake. Aliinua mitungi kwa mikono, pete ya udongo juu ya pete, pasipo gurudumu, kisha akaichora mijusi na nge. Mitungi hiyo ilipamba nyumba ya Emir wa Abuja, mji uitwao sasa Suleja, na humo ndimo alimoiona Michael Cardew, mfinyanzi wa Kiingereza. Mwaka 1954 Ladi Kwali aliingia katika chuo cha ufinyanzi alichokianzisha Cardew mjini humo. Leo sura yake imo katika noti ya naira 20.

Mwaka 1974 alikwenda Abuja kujifunza Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono na kusuguliwa mpaka vikang'aa. Moto wenye hewa huvipa wekundu, na moto ulionyimwa hewa huvipa weusi. Vimo katika British Museum, wala hapana aulizaye vinachukua maji kiasi gani. Ujuzi huo aliuchota kwa wanawake wa vijijini, wale wale tunaowanyima jina la wasanii.

Nakiri jambo moja. Ndoo ya plastiki na sufuria vimeushinda mtungi jikoni, na vimeshinda kwa haki, kwani ni vyepesi wala havivunjiki upesi. Kwa hiyo jiko halitaiokoa fani hii. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu na kuvipeleka Matema kwa mitumbwi. Lakini binti ataurithije ujuzi wa mamaye ikiwa bei ya chungu hairudishi hata gharama ya kuni?

Mfinyanzi hulia gaeni, yasema methali, nasi tumeigeuza kuwa sheria. Na ivunjwe. Ewe mwanafunzi, upambapo chumba chako, nunua mtungi mmoja. Uliza jina la aliyeufinyanga. Mlipe kama umlipavyo mchoraji. Uuweke penye mwanga. Asiyekuwa tayari kutenda hata hilo asituhutubie tena juu ya kuulinda utamaduni wetu.