Weupe wa Sembe na Siha ya Mlaji

Juma hili, katika mashine moja ya kusaga hapa kwetu Bagara, nilimtazama mama mmoja akipokea mahindi yake yaliyokobolewa hata yakawa meupe pe, huku kiini na ganda, vyenye mafuta, madini na vitamini, vikikusanyika pembeni katika kiroba cha pumba alichokuwa akikingojea mfugaji wa nguruwe. Simlaumu mama yule, kwani wengi wetu tumelelewa katika itikadi kwamba weupe wa ugali ndio heshima ya mgeni na kwamba dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ni chakula cha dhiki; lakini aivuaye nafaka nguo huivua na nguvu zake. Serikali, kwa kanuni za mwaka 2011, iliwaamuru wenye viwanda vikubwa warudishe madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga, jambo la kushukuriwa, ila mashine ndogo za mitaani aghalabu hazifikiwi na amri hiyo. Kwangu mimi, ni taksiri kubwa kuwapa nguruwe siha ya watoto wetu, kisha kuitafuta upya kwa gharama. Na laiti kila shule inayonunua unga kwa magunia ingetaka dona, wenye mashine wangefuata upesi kuliko wafuatavyo amri. Nawe msomaji, agiza mahindi yako yasagwe bila kukobolewa, maadamu umeyakausha barabara na kuyachambua yenye ukungu, kwa sababu sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliyozuka Dodoma na Manyara mwaka 2016 iliua watu.