Mameneja darasani: mwajiri avuna nini?

Jijini Dar es Salaam, wapo mameneja ambao siku yao ya kazi huishia darasani. Wanasomea Shahada ya Uzamili ya Uongozi wa Biashara, maarufu kama MBA, na baadhi yao hulipiwa ada na waajiri.

Utaratibu huu si mgeni. Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, kilianzisha programu ya MBA kwa watendaji walio kazini mwaka 1943. Nchini Tanzania, Mzumbe ilianza mwaka 1953 kwa kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001. Shabaha ilikuwa mtu asome, kisha arudi kazini akatende.

Hapo ndipo penye mashaka leo. Mwajiri anayedai cheti pekee hupata cheti pekee. Mhitimu akirejea na kukuta hana mamlaka ya kubadili lolote, hutafuta kwingine, na ada iliyolipwa humnufaisha mshindani.

Dawa ipo. Mwajiri na mwanafunzi wakubaliane mapema kwamba tasnifu ichunguze tatizo halisi la kampuni, kama vile madeni yasiyokusanywa au shehena inayochelewa ghalani. Kisha mhitimu akabidhiwe jukumu la kuyajaribu mapendekezo yake, na matokeo yapimwe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu inayolipiwa nayo yahitaji daftari lake.